Boksi lako limekataliwa na kampuni ya kugredi sarafu? Mwongozo kamili wa kujiandaa, kudai na kujua pa kuishia

Ndugu zangu mnaokusanya sarafu, hasa nyie wenzangu mlioko Marekani mnaonunua moja kwa moja US Mint, shirika la serikali ya Marekani linalotengeneza sarafu, halafu mnatuma zikagrediwe, hii nimeiandika kwa sababu kila zikitoka sarafu mpya meseji ninazopata ni zilezile, "kaka wamenikatalia lebo, wanasema boksi limefunguliwa na mimi wallahi sijaligusa". Machungu yake nayajua, yamenikuta, nitawasimulia huko mbele. Ila nianze na jambo ambalo ningeambiwa mapema lingeniokolea hela nyingi: ugomvi huu unashinda au unashindwa siku mzigo unapofika mlangoni kwako, kabla hata hujajaza fomu ya kutuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu boksi, na barua za kudai zinakuja baadaye.

Kwa mgeni wa mambo haya, kampuni kubwa ni mbili, PCGS iliyoanza kugredi 1986 na NGC iliyoanza 1987. Unawatumia sarafu, wanaikagua, wanaipa alama kwa skeli ya Sheldon inayoanzia 1 mpaka 70, halafu wanaifunga kwenye kile kikasha cha plastiki ngumu tunachokiita slabu. Sasa juu ya alama kuna lebo ya nyongeza unayoilipia, PCGS wanaiita First Strike, NGC wanazo Early Releases na First Releases, na maana yake ni kwamba sarafu hiyo ilipokelewa ndani ya siku 30 za mwanzo tangu toleo lilipoanza kutoka. Ukiiwahisha kwao ndani ya hizo siku 30 hakuna maneno. Ukichelewa ndipo kinapoingia kile kipengele kinachotugombanisha: kwa kawaida watakubali kukupa lebo kama tu boksi la kusafirishia bado limefungwa vilevile lilivyotoka kwa mtengenezaji na tarehe iliyo juu yake imo ndani ya zile siku 30.

Kwa nini wanang'ang'ania boksi

Hapa nataka tukae kidogo maana ukielewa sababu yao utajua jinsi ya kujenga hoja yako. Chukua Silver Eagle mbili, ile sarafu ya fedha ya Marekani, za mwaka mmoja, moja imetoka wiki ya kwanza, nyingine mwezi wa nne, ziweke kwenye kiganja. Zote ni wakia moja ya fedha, gramu 31.1, upana milimita 40.6, hakuna lenzi duniani itakayokuambia ipi ilitangulia. Na US Mint wenyewe walishawatangazia wanunuzi kwamba hawatambui kitu kinachoitwa First Strike na hawafuatilii mpangilio wa sarafu zinavyopigwa, hiyo ni lebo ya kampuni za kugredi tu. Kwa hiyo sarafu haiwezi kujitolea ushahidi. Shahidi pekee ni karatasi ya boksi, tepu na tarehe. Boksi likishafunguliwa mara moja, mtu anaweza kutoa zilizomo na kuweka za mwezi wa sita na hakuna atakayejua.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule wa Silver Eagle zilizopigwa Philadelphia, kimoja cha viwanda vya Mint. Zile Eagle za uwekezaji hazina alama ya kiwanda, na Mint haimuuzii mtu wa kawaida, inawauzia wanunuzi wakubwa walioidhinishwa kwenye lile boksi kubwa la kijani, monster box, lenye sarafu 500, yaani mirija 25 yenye sarafu 20 kila mmoja, limefungwa mikanda na lina namba yake. Mwaka 2017 maombi yaliyopelekwa kwa sheria ya uhuru wa habari ya Marekani yakafichua kwamba Eagle 79,640 za mwaka 2015 zilipigwa Philadelphia wakati watu wote waliamini zote ni za West Point, kiwanda kingine cha Mint. Bei ikaruka hapohapo. Lakini nani angeweza kuthibitisha anazo? Ni yule tu ambaye boksi lake lilikuwa bado na mikanda yake na namba inayolingana. Aliyekuwa ameshakata mikanda miaka miwili nyuma akauza mirija mmojammoja, zake zikabaki Eagle za kawaida hata kama kweli zilitoka Philadelphia. Aprili 2020 ikajirudia, janga la korona limebana West Point, Philadelphia ikapiga Eagle 240,000 za dharura. Gawanya kwa 500 upate maboksi 480, ndiyo hayo, na kilichozitofautisha Eagle hizo na nyingine tena ni boksi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauamini: wana haki ya kudai boksi lililofungwa. Haki wasiyokuwa nayo ni kubadilisha sharti wakati hela yako wameshaipokea, au kuliharibu boksi kwenye meza yao ya mapokezi halafu wakakuambia lilifika hivyo. Mzozo wako ukiuweka kwenye hayo mawili una pa kusimamia. Ukiuweka kwenye "hii siyo haki, mimi ni mteja wa siku nyingi", umeshapoteza.

Hatua ya kwanza: siku mzigo unapofika

Usiguse kisu. Narudia, usiguse kisu, na waambie waliomo nyumbani, maana mara nyingi mkataji ni mtoto au shemeji aliyedhani anakusaidia. Weka boksi mezani penye mwanga wa dirishani na simu yako, piga video moja isiyokatwa, anza na lebo ya usafirishaji mpaka tarehe na namba ya kufuatilia mzigo zisomeke, halafu zungusha pande zote sita taratibu. Kisha picha za karibu za kila mshono wa tepu, pembe zote nane. Ukimaliza jitumie kwa imeili siku hiyohiyo, maana imeili ina tarehe ambayo huwezi kuambiwa umeibadilisha, picha ikikaa kwenye simu tu ni rahisi mtu kuitilia shaka.

Angalia tepu kwa makini, na hapa ndipo penye siri ambayo wapokeaji wao wanaijua na sisi wengi hatuijui. Tepu ya asili inakuwa imelala juu ya karatasi nzima, laini, hata ukiipapasa na kidole haina mabonde. Tepu ikishabanduliwa inaondoka na ngozi ya boksi, inaacha vinyuzinyuzi vya kahawia vimesimama, ukiweka tepu mpya juu yake utaona chini kuna rangi iliyopauka na viputo vya hewa vinavyofuata mstari wa ile ya zamani. Hilo ndilo wanalotafuta. Kwa hiyo kama boksi limefika tayari lina tepu mbili, usikae kimya ukatumaini hawataona. Wataona. Piga picha, halafu siku hiyohiyo fungua malalamiko kwa msafirishaji na kwa Mint upate namba ya tukio, hiyo namba ndiyo itakayokutetea miezi mitatu baadaye.

Jingine linaloumiza watu ni oda ya vitu vingi. Umeagiza seti tano, zimekuja kwenye katoni moja kubwa, lebo ya tarehe iko kwenye katoni ya nje peke yake. Ukifungua katoni ya nje ili "uzihesabu tu", zile tano za ndani hata kama ziko safi hazina tarehe, basi zote zimekwenda. Kama unajua unataka kugredi baadhi na kuuza nyingine hivyohivyo, agiza oda tofauti tangu mwanzo.

Na kwa mnaotaka kuzipeleka sarafu nyumbani au kwa ndugu walioko Dubai na Muscat kwanza halafu zirudi kugrediwa, jamani msifanye hivyo. Boksi likivuka mpaka, forodha wana mamlaka ya kulifungua, na wakishalifungua wanalifunga kwa tepu yao na hakuna wa kumlalamikia. Zigredishe kabla hazijatoka Marekani, slabu ndiyo isafiri.

Hatua ya pili: sharti lisome na ulihifadhi

Watu wanasoma vigezo na masharti baada ya kukataliwa, wakati huo ukurasa umeshabadilika. Kabla hujajaza fomu nenda kwenye ukurasa wa kampuni unaoeleza lebo hiyo, tafuta tarehe ya mwisho ya sarafu YAKO, maana kila toleo lina tarehe zake, uchapishe uwe PDF, na skrinshoti ionyeshe tarehe ya siku hiyo. Wakati unasoma tafuta majibu ya haya: wanahesabu tarehe gani, ya muhuri wa posta, ya lebo ya usafirishaji au ya siku walipopokea wao? Wanataka katoni ya nje au boksi la ndani linatosha? Nani ana neno la mwisho kuhusu hali ya boksi? Karibu zote zitakuwa zimeandika kwamba uamuzi ni wao, usikate tamaa kwa hilo, maana kusema uamuzi ni wetu siyo sawa na kusema hatuna haja ya kueleza.

Kama kuna neno linalokuchanganya waulize kwa maandishi kabla ya kutuma. Usipige simu. Au piga, halafu ukimaliza waandikie "asante, nimeelewa kwamba mumesema hivi na hivi, kama nimekosea mnirekebishe". Jibu lao la neno moja tu lina thamani kuliko dakika arobaini za maongezi ambayo hakuna anayeyakumbuka.

Hatua ya tatu: kutuma

Boksi la Mint linaingia zima ndani ya boksi lingine, usibandike lebo ya kampuni ya kugredi juu ya boksi la Mint lenyewe hata siku moja, nimeona mtu amefunika tarehe kwa lebo yake mwenyewe. Lizungushie karatasi kwanza ili tepu yako isigusane nalo. Juu yake weka karatasi kubwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hili ni boksi lililofungwa, limeletwa kwa ajili ya lebo fulani, lisifunguliwe kabla ya kukaguliwa, na namba ya fomu yako. Ndani ya fomu andika tena hivyohivyo kwenye sehemu ya maelezo. Na kama unataka boksi na vifungashio virudi uulize mapema na ulipie kama kuna malipo, kwa sababu bila kuomba mara nyingi vinatupwa, na ukishapata jibu la kukataliwa unataka kuonyesha kitu, kitu chenyewe kiko jalalani.

Kwa posta mimi natumia rejesta (Registered Mail) ya USPS, yaani posta ya Marekani, ni ya polepole lakini kila mkono unaoupokea mzigo unasaini, na bima yake inafika dola 50,000 ndani ya nchi. Ila ina masharti yake, mishono yote inatakiwa ifungwe kwa ile tepu ya karatasi ya kahawia inayolowekwa maji, ya plastiki ile inayong'aa wanakurudisha nayo dirishani, kwa sababu wanataka kugonga mihuri juu ya mishono na wino haushiki plastiki. Na ukifikiria, hicho ni kitu unachokitaka, mzigo wako unafika ukiwa na mihuri ya duara kila mshono, hakuna wa kusema ulichezewa njiani.

Yaliyonipata mimi

Kuna mwaka nilituma maboksi matatu ya Eagle za pruf, zile za wakusanyaji zinazong'aa kama kioo, kwa kampuni moja, sitaitaja, tarehe zote tatu zilikuwa ndani ya siku 30 ila nilichelewa kutuma. Wakaniambia matatu yote yamefunguliwa, lebo hakuna. Nilipandwa na hasira, nikaandika imeili ndefu ya usiku, sikujibiwa chochote cha maana.

Kesho yake nikakaa nikayatenganisha. Boksi la kwanza pembe yake ilikuwa imelowa njiani, posta wakaizungushia tepu yao wenyewe yenye maandishi na muhuri, na mimi siku lilipofika nilikuwa nimepiga picha likiwa bado kwenye kizingiti cha mlango. Boksi la pili halikuwa na kosa lolote ninaloliona, tepu moja, safi. Boksi la tatu, nasema ukweli, nilikata tepu ya upande mmoja kama inchi mbili nikachungulia karatasi ya oda iliyo ndani nihakikishe idadi, nikabandika tena. Nilijisemea hiyo siyo kufungua. Ni kufungua.

Nikaandika upya, boksi la tatu nikalitoa kabisa kwenye madai na nikasema wazi kwamba kwa hilo nakubaliana nao. La kwanza nikaweka picha ya kizingitini na maelezo ya tepu ya posta. La pili nikaomba kitu kimoja tu, picha ya mapokezi inayoonyesha wanachokiita kufunguliwa. Baada ya siku tisa likarudi jibu kutoka kwa mtu mwingine, msimamizi, wamekubali mawili, nirudishe slabu wabadilishe lebo bila malipo. Mpaka leo naamini kule kukubali kosa langu la boksi la tatu ndiko kulikowafanya waniamini kwa mengine.

Hatua ya nne: ukishakataliwa

Kwanza jua umekataliwa nini, maana majibu yao huwa mafupi na watu wanapigana na kitu kisichokuwepo.

Kama sarafu ina sifa zote na walishakubali boksi lakini slabu imekuja bila lebo uliyolipia, au imeandikwa mwaka au kiwanda siyo, huo siyo mzozo wa boksi, ni kosa la uchapaji, wanarekebisha na kwa kawaida hawakutozi. Piga picha ya slabu mbele na nyuma namba ya cheti ionekane, watumie na namba ya fomu. Yanaisha.

Kama wanasema tarehe haisomeki au imepita, kazi ni rahisi kuliko unavyodhani. Rudi kwenye akaunti yako ya Mint chukua imeili ya uthibitisho wa kusafirishwa mzigo, chukua historia ya namba ya kufuatilia kutoka kwa msafirishaji, hasa ule mstari wa siku mzigo ulipochukuliwa. Historia hizo hazikai milele kwenye mtandao wa msafirishaji, ndiyo maana inabidi uzihifadhi mapema. Lakini angalia, kama sharti linasema muhuri au lebo iliyo juu ya boksi, wao wanaweza kukataa imeili, unaomba siyo unaamuru.

Kama wanasema limefunguliwa, basi fanya kama nilivyofanya kwa boksi la pili. Omba wasitupe boksi, hilo liwe sentensi ya kwanza kabisa na litume siku unayopata habari, usisubiri kesho. Omba picha za mapokezi. Omba waseme ni mshono upi. Halafu ndiyo unaweka video yako.

Na kuna lile gumu kuliko yote, boksi lilifunguliwa na wao wenyewe mapokezi kabla ya kukaguliwa. Huwa linatokea, watu ni watu, maboksi ni mengi msimu wa matoleo. Hapo hoja yako ni mnyororo: video ya siku lilipofika kwako, picha ukiliingiza ndani ya boksi la nje, risiti ya rejesta, mihuri kwenye mishono, karatasi ya "lisifunguliwe", saini yao ya kupokea. Kama pete zote zipo na iliyokatika iko upande wao, sema hivyo kwa utulivu, na uliza utaratibu wao ukoje kwa boksi lililofunguliwa na mfanyakazi wao.

Barua yenyewe iandike kwa Kiingereza kifupi, isizidi ukurasa mmoja. Anza na namba ya fomu, namba za mistari na idadi ya sarafu. Sentensi mbili za kilichotokea na tarehe. Halafu nakili sharti lao neno kwa neno kama lilivyokuwa siku uliyotuma, na chini yake onyesha picha namba ngapi inalitimiza. Kisha sema unataka nini, na hapa watu wanakosea sana, wanaandika "naomba mnisaidie" bila kusema wasaidiwe nini. Andika chaguo la kwanza, lebo itolewe. La pili, kama haiwezekani, ada ya lebo irudishwe, maana umelipia kitu ambacho hukupewa. Usidai ada ya kugredi irudi kama sarafu imegrediwa, hiyo kazi wameifanya na ukiidai unaonekana hujui unachodai. Wape siku kumi za kazi kujibu. Usitukane, usitishie kuwaanika mitandaoni.

Hatua ya tano: je inalipa?

Kabla hujaendelea mbele chukua daftari. Nenda eBay, chuja zilizouzwa tu, usiangalie bei wanazoomba maana kuomba kila mtu anaomba. Tafuta sarafu ileile, alama ileile, yenye lebo na isiyo na lebo, angalau kumi kila upande, toa tofauti. Tuseme umekuta tofauti ni dola 12 na una sarafu tano, hiyo ni dola 60, na posta ya rejesta kwenda na kurudi pamoja na bima inaweza kuila yote ukabaki na uchovu. Hapo chukua ada yako ya lebo iliyorudishwa uendelee na maisha. Ila kama ni zile za Philadelphia, au alama 70 ya toleo dogo, au monster box zima la sarafu 500, pigana mpaka mwisho.

Na muhimu, slabu usiipasue. Najua mtu akikasirika anataka kuitoa sarafu apeleke kampuni nyingine. Ukiipasua umeua namba ya cheti, umeua ushahidi, na kampuni ya pili nayo itauliza boksi liko wapi.

Kama uliuziwa "boksi zima" na muuzaji

Huu ni mzozo mwingine kabisa na wengi wanaupeleka mlango usio wake. Umenunua boksi kwa dila, yaani mfanyabiashara wa sarafu, aliyetangaza halijafunguliwa, kampuni ya kugredi imesema lilifunguliwa, basi mdeni wako ni dila. Barua ya kampuni ya kugredi pamoja na picha zao sasa ni ushahidi wako, kwa hiyo wasiwe maadui zako, waombe kwa upole waiandike sababu. Kama dila ni mwanachama wa Professional Numismatists Guild, chama hicho kina usuluhishi ambao mwanachama wake analazimika kuufuata, kwa hiyo kabla ya kununua boksi la hela kubwa angalia kama jina lake limo. Na siku zote tangazo lake la mauzo lihifadhi kama skrinshoti, maana litafutwa.

Hatua ya sita: benki na mahakama

Ukiwa umelipa kwa kadi ya mkopo, sheria ya Marekani ya Fair Credit Billing Act inakupa siku 60 tangu ilipotumwa steitimenti ya kwanza yenye hayo malipo, upinge kwa maandishi malipo ya kitu ambacho hakikutolewa kama mlivyokubaliana. Barua iende kwenye anwani ya benki ya maswali ya bili, siyo ile unayotumia kulipia deni, na usitegemee kubonyeza kwenye programu peke yake. Wao wanatakiwa wakujibu kwamba wameipokea ndani ya siku 30 na wamalize ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90. Pinga ile ada ya lebo tu, iliyobaki endelea kuilipa. Kadi ya debiti haina ulinzi huo wa sheria hii, na najua wengi wetu tunalipa kwa debiti kwa kuogopa madeni, ila kwa shughuli hii kadi ya mkopo ni bora.

Tahadhari kubwa: usipinge malipo benki wakati sarafu zako bado ziko kwao. Subiri zirudi mkononi. Kampuni inaweza kuzuia mzigo mpaka suala la malipo liishe, au kuifunga akaunti yako, ukajikuta unapigania dola hamsini huku sarafu za elfu tatu zimekaa kwenye kabati la mtu. Lakini nayo zile siku 60 ziandike kwenye kalenda, kama wanachelewesha kurudisha tuma barua ya benki kabla hazijaisha.

Mahakama ya madai madogo ipo na huhitaji wakili, California mtu binafsi anaweza kudai mpaka dola 12,500, Florida mpaka dola 8,000, Texas mpaka dola 20,000. Kabla ya kufikiria huko soma kwenye masharti yao kipengele cha mahali pa kufungulia kesi na kile kinachoweka kikomo cha fidia, kwa sababu inawezekana ulishasaini kwamba kesi yoyote itafanyika kwenye jimbo lao, na nauli ya kwenda huko peke yake inaua hesabu. Kama bado inalipa, tuma barua ya mwisho kwa rejesta, taja kiasi, taja sharti, wape siku 14, na risiti ya hiyo rejesta iweke kwenye folda ilelile yenye ile video ya siku ya kwanza.